Uzi maalumu: Msomi wa Kihungaria na nyimbo za Vysotsky, kazi yenyewe hufanywaje?

Nyuzi_Saba (#1)

Wakuu, kwenye uzi wa fasihi za nje kuna aliyeuliza mtu wa Budapest au Debrecen anapata wapi kazi ya kumtosha maisha mazima kwa kumchambua mwimbaji mmoja wa Moscow mwenye gitaa na sauti ya kukwaruza. Majibu yalikuwa ya mzaha, nikaona bora suala hili lipate uzi wake. Wenye ujuzi wa kanda, arudhi na maktaba karibuni. Wanaotaka ubishi wa siasa za Urusi jukwaa lao linajulikana.

Kwa wasiomjua: Vladimir Vysotsky alizaliwa Moscow tarehe 25 Januari 1938, akafariki hapo hapo tarehe 25 Julai 1980, michezo ya Olimpiki ikiwa inaendelea mjini. Kazi iliyompa mshahara ilikuwa uigizaji katika ukumbi wa Taganka, alikoingia mwaka 1964 chini ya mwongozaji Yuri Lyubimov, na kuanzia 1971 ndiye aliyekuwa Hamlet wa ukumbi huo. Nyimbo alizotunga zinapita 600. Katika uhai wake dola ilimtolea santuri ndogo chache, hasa za nyimbo za filamu, lakini haikumchapia diwani hata moja. Shairi lake moja tu lilipenya katika mkusanyo wa kila mwaka uitwao *Den poezii*, mwaka 1975. Diwani ya kwanza nchini kwake, *Nerv*, ilitoka 1981 akiwa kaburini.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Mshairi ambaye hakusahihisha prufu za kitabu chake hana "maandishi rasmi". Alichoacha ni miswada ya mkono na sauti yake iliyonakiliwa na maelfu ya watu kutoka mashine moja hadi nyingine.

Kwa nini Hungaria? Kirusi kilikuwa somo la lazima katika shule zao kuanzia 1949 hadi 1989, kwa hiyo kizazi kizima kilikua kinakisoma, wengi kwa shingo upande hasa baada ya vifaru vya Kisovieti kuzima uasi wao mwaka 1956. Kisha kuna mambo ya nyumbani kwao kabisa. Taganka ilizuru Hungaria mwaka 1976. Lyubimov, ambaye baadaye mkewe alikuwa Mhungaria, aliongoza *Uhalifu na Adhabu* katika ukumbi wa Vígszínház, Budapest, mwaka 1978. Na Márta Mészáros alimchukua Marina Vlady, mke wa Vysotsky, kama mhusika mkuu wa filamu *Ők ketten* ya 1977, na Vysotsky mwenyewe anaonekana humo kwa muda mfupi. Mtafiti wa Kihungaria basi ana magazeti yake, ukumbi wake na filamu yake ya kuanzia, hata kabla hajakata tiketi ya Moscow.

---

KatalogiKongwe (#2)

Nyuzi_Saba umefungua vizuri. Niongeze jambo linalowaangusha wanaoanza: jina lake kwenye katalogi.

Kihungaria humwandika Viszockij, na katika rekodi kamili utamkuta kama Viszockij, Vlagyimir Szemjonovics. Ukiandika Vysotsky kwenye katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Széchényi utapata vitu vichache, udhani hakuna kitu. Wajerumani wana Wyssozki na Wyssozkij, Wafaransa Vyssotski, Wapolandi Wysocki (na jina la kwanza wanaligeuza kuwa Włodzimierz), na wanaofuata unukuzi wa kisayansi wana Vysockij. Andika orodha ya maumbo yote kwenye karatasi, tafuta moja moja, na kila utakachokipata ukibandike umbo ulilolitumia, la sivyo baada ya mwezi hutajua kwa nini kitu kimekupotea.

Kwa magazeti ya Hungaria kuna hazina ya kidijitali ya Arcanum, ya kulipia, ingawa maktaba nyingi za vyuo vyao zina usajili. Weka kikomo cha miaka, tuseme kuanzia 1965. Bila kikomo utaletewa matangazo ya chai ya Wissotzky na watu wengine kibao wenye jina hilo. Tafuta pia majarida ya *Nagyvilág* na *Szovjet Irodalom* moja kwa moja, maana huko ndiko fasihi tafsiri ilikopita. Kwa makala za kisomi anza na *Studia Slavica* ya Chuo cha Sayansi cha Hungaria, na *Slavica* ya Debrecen.

Jambo jingine: usomaji wa mashine kwenye magazeti ya zamani huchanganya herufi. "sz" husomeka "az", "j" husomeka "i". Tafuta kwa kipande, "Viszock*", na uweke kando yake neno "Taganka". Hilo la pili husomeka vizuri karibu kila mara na litakuletea habari za ziara ya 1976 ambazo jina la mwimbaji lenyewe halikuzileta.

---

Mdadisi_wa_Tanga (#3)

Asanteni wakuu. Lakini bado sijaelewa hili la "hana maandishi rasmi". Vitabu si vipo? Kuna juzuu mbili zilizohaririwa na Andrei Krylov, 1990, mchapishaji mkubwa kabisa wa Moscow. Si mtu anachukua hizo, anachambua, kazi imekwisha?

---

Nyuzi_Saba (#4)

Juzuu za Krylov ndizo pa kuanzia na hakuna anayezibeza. Ila mhariri kazi yake ni kuchagua, na anachokuwekea ukurasani ni toleo moja kati ya mengi.

Chukua mfano unaojulikana sana, wimbo "Ya ne lyublyu" ("Sipendi") wa mwishoni mwa miaka ya 1960, ule ambao kila ubeti unaorodhesha asivyovipenda. Kuna mstari unaomtaja Kristo msulubiwa. Katika rekodi za mwanzo mwimbaji anasema wala hamwonei huruma. Katika rekodi za baadaye mstari umepinduliwa: anasema anachosikitikia ni huyo Kristo tu. Mabadiliko ni maneno mawili matatu mwanzoni mwa mstari, lakini msimamo mzima wa wimbo umegeuka. Ukinukuu toleo la pili kisha ukaandika kwamba "mwaka ule wimbo ulipotungwa tayari alikuwa na mwelekeo huu wa imani", umempa fikra za baadaye mtu wa wakati mwingine. Kitabu hakikuonyeshi kosa lako, kanda ndiyo inayokuumbua.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwa kila wimbo unaouchambua unakusanya rekodi zote unazoweza kuzifikia, unazipanga kwa tarehe, unaandika kila moja neno kwa neno pamoja na maneno aliyosema kabla ya kuanza, halafu ndipo unalinganisha na mswada. Miswada mingi iko katika hifadhi ya fasihi na sanaa ya taifa mjini Moscow, RGALI, fungu namba 3004. Wimbo ukiwa na rekodi kumi, jedwali lako lina safu kumi na moja, ya mwisho ya mswada.

Na usipange faharasa yako kwa majina ya nyimbo. Alikuwa akiutangaza wimbo uleule kwa jina hili leo na jina lile kesho, au asiutaje jina kabisa. Wataalamu wote hupanga kwa mstari wa kwanza, na hata huo wakati mwingine una sura mbili.

---

Bin_Mvita (#5)

Hapo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tungo za Muyaka bin Haji ziliishi midomoni kwa miaka mingi baada yake, W. E. Taylor akazikusanya Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na diwani yake iliyohaririwa na Hichens ikachapwa 1940, karne nzima tangu mshairi atoweke. Kila anayesoma diwani ile anasoma pia masikio ya waliokumbuka.

Tofauti ni kwamba sauti ya Muyaka haipo, hatuwezi kurudi kuhakiki. Huyu Mrusi sauti ipo, tena nyingi mno.

---

FundiReli (#6)

Nyingi mno, na nyingi ni mbovu. Niingie hapa kwa sababu waandishi wa tasnifu hupenda kusema "nilisikiliza rekodi" kama vile rekodi ni kitu kilichotulia.

Kanda za Kisovieti za reli, yaani za kuzungushwa kwenye magurudumu, zilikuwa za upana wa milimita 6.25. Kasi za kawaida za mashine za nyumbani zilikuwa sentimita 19.05, 9.53 na 4.76 kwa sekunde. Ile ya kati ndiyo ilitumika sana. Kanda ya "aina ya 6" ilikuwa nene, mikroni 55, ya asetati. "Aina ya 10" mikroni 37, ya lavsani, yaani poliesta. Reli ya mita 525 ya aina ya 10 kwa kasi ya 9.53 inakupa kama dakika 92 kwa njia moja (mstari mmoja wa sauti kwenye upana wa kanda), ndiyo maana matamasha mengi yameingia reli moja bila kukatwa.

Ukiipata kanda, hatua ni hizi.

Kwanza itambue. Asetati ukiinyanyua reli dhidi ya mwanga inapitisha mwanga, na ikikatika inakatika kwa ukavu, pwaa. Lavsani hunyooka kwanza. Asetati ikinuka siki imeanza kuoza: itenge na nyingine, isogezwe taratibu, na usiiweke kwenye joto hata mtandao ukikushauri. Tiba ya kuoka ni ya kanda za aina nyingine kabisa.

Pili, angalia njia. Kanda iliyorekodiwa kwa njia nne ukiicheza kwa hedi (kichwa cha mashine kinachosoma kanda) ya njia mbili utasikia Vysotsky akienda mbele na mtu mwingine akienda nyuma kwa wakati mmoja. Wengi hudhani kanda imeharibika.

Tatu, mwelekeo wa hedi. Kabla ya kuhamisha, zungusha skrubu ndogo ya hedi taratibu mpaka "s" na "ch" zisikike kali kuliko popote. Hili halirekebishiki baadaye kwenye kompyuta. Ukikosea hapa, mkwaruzo wa sauti yake unageuka mvumo, na konsonanti ambazo mtafiti anazihitaji zinakufa.

Nne, hamisha kwa faili ya WAV, biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya mono ni takriban gigabaiti 1.04. Iweke hiyo ghafi kando bila kuigusa. Usafishaji wa kelele ufanyike kwenye nakala, tena kidogo sana.

---

Mdadisi_wa_Tanga (#7)

FundiReli, na kasi je? Nikisikiliza rekodi mbili za wimbo mmoja, moja anasikika kama kijana, nyingine kama mzee. Ni umri, ni sigara au ni mashine?

---

FundiReli (#8)

Inaweza kuwa yote matatu, lakini anza na mashine maana ndiyo inayopimika.

Kasi ikizidi kwa karibu asilimia 6, sauti inapanda nusu toni nzima. Ikizidi asilimia 3, robo toni: mtu wa kawaida haitambui kama kosa, anasema tu "hapa ana sauti nyepesi". Kanda iliyonakiliwa mara tano kwenye mashine tano inaweza kuwa imekusanya makosa ya zote.

Kipimo kizuri ni mvumo wa umeme. Umeme wa Kisovieti ulikuwa hezi 50, na mashine nyingi ziliacha mvumo huo kwenye kanda. Punguza nakala yako hadi sampuli 8000 kwa sekunde, kisha fungua uchanganuzi wa masafa kwenye programu ya Audacity kwa dirisha la sampuli 65536. Hapo unaona tofauti ndogo hadi kama hezi 0.12. Mvumo ukionekana kwenye 52, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 4. Pima pia kwenye 100, maana huko kosa linaonekana mara mbili.

Sasa mitego. Ukiona mivumo miwili, tuseme 50 na 52, ile ya 50 huenda ni ya mashine iliyotengeneza nakala, na ile ya 52 ndiyo ya rekodi asilia, kwa hiyo usifurahie 50 ukadhani kanda ni sahihi. Mashine ya betri haiachi mvumo kabisa. Na umeme wenyewe wa zamani haukuwa 50 kamili kila saa, basi usiandike matokeo kwa nukta tatu za desimali.

Kubwa kuliko yote: usirekebishe kasi kwa kutumia gitaa. Watu huona kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya Am, yaani A ndogo, inasikika kama G ndogo, wanasema kanda inakwenda polepole, wanaipandisha toni nzima. Vysotsky alilegeza gitaa lake chini ya kiwango cha kawaida, mara nyingi kwa toni moja au zaidi, na hakulegeza sawasawa kila siku. Ukimpandisha mpaka gitaa likae kwenye A ya 440 unamtengeneza mtu mwingine mwenye koo jembamba. Rekodi za namna hiyo zimejaa mtandaoni.

---

Nyuzi_Saba (#9)

Kwa wapiga gitaa: lake lilikuwa la nyuzi saba la Kirusi, ambalo upangaji wake wa kawaida ni D G B D G B D, yaani ukipiga bila kubana unapata G kubwa. Ukijifunza nyimbo zake kwa gitaa la nyuzi sita utapata kodi zilezile chache, Am, Dm, E na ndugu zao, lakini uzito wa nyuzi za chini hauupati.

Kuhusu ubora, wasomi huwa na makundi wanayoyaamini zaidi. Rekodi za Konstantin Mustafidi za 1972 hadi 1974, zilizofanywa kwa utulivu na vifaa vizuri. Rekodi za Paris alizofanya mchoraji Mikhail Shemyakin kuanzia 1975, zikatoka kwenye santuri 7 mwaka 1987. Santuri 21 za Melodiya, kampuni ya santuri ya dola ya Kisovieti, zilizoanza kutoka mwaka huo huo ni nzuri kusikiliza, lakini usizitolee maandishi ya kisomi kabla hujajua kila wimbo umetoka kanda ipi na ya siku gani.

---

ArudhiTu (#10)

Mmemaliza umeme, sasa turudi kwenye ushairi. Mhungaria akitaka kumtafsiri, anakutana na ukuta wa mkazo.

Kirusi mkazo wake hukaa popote katika neno. Kihungaria mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, daima. (Sisi wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.) Zaidi ya hapo Kihungaria kina silabi fupi na ndefu, na wana arudhi mbili: moja ya kuhesabu mapigo ya mkazo, nyingine ya kupima urefu wa silabi kama Wagiriki wa kale.

Sasa angalia wimbo wa msako wa mbwamwitu wa 1968, "Okhota na volkov". Beti zake ni anapesti ya hatua tatu: mkazo kwenye silabi ya 3, ya 6 na ya 9, mistari ya silabi 10 na 9 ikipokezana. Kiitikio kinaacha mwendo huo na kuingia iambi ndefu (silabi nyepesi kisha nzito), mstari wa kwanza una silabi 13. Mabadiliko hayo ndiyo wimbo wenyewe! Kwenye beti mbwamwitu anakimbia, kwenye kiitikio wawindaji wanatangaza. Mfasiri akisawazisha mwendo mmoja toka juu hadi chini amebakiza hadithi ya mnyama tu.

Mhungaria afanyeje na anapesti, mwendo unaoanza na silabi mbili nyepesi, wakati kila neno lake linaanza na uzito? Njia mojawapo ni kuanza mstari kwa kibainishi "a" au "az", ambacho hakina mkazo, au kwa kiunganishi. Lakini ukianza kila mstari na "a" shairi linachosha. Njia nyingine ni kuhama na kutumia arudhi ya urefu, ambamo silabi ni ndefu ikiwa na irabu ndefu au ikifungwa na konsonanti. Msomaji anaikubali, ila mwimbaji mwenye gitaa anapata shida kwa sababu mkazo wa neno unapigana na pigo la wimbo. Ndiyo sababu tafsiri inayosomeka vizuri gazetini mara nyingine haiimbiki, na inayoimbika ukiisoma inaonekana ya kitoto.

Kuna kishawishi cha tatu, nacho ndicho kibaya kuliko vyote: mstari wao wa kienyeji wa silabi nane unaogawanyika 4 na 4. Wenzangu wa tenzi mtaujua mara moja, ni mizani yetu nane. Unatiririka wenyewe. Lakini ukimweka Vysotsky humo anakuwa wimbo wa kijijini wa Hungaria, amani tupu.

---

Bin_Mvita (#11)

ArudhiTu, na lile la kuvuta konsonanti? Nimemsikiliza, hafanyi kama waimbaji wengine. Wengine huvuta irabu, yeye anavuta "r" na "l" na "n" mpaka unafikiri kanda imekwama.

---

ArudhiTu (#12)

Ndiyo, na mfasiri asiye na sikio hulisahau. Anavuta konsonanti zenye mvumo, r, l, m, n, hasa mwishoni mwa silabi yenye mkazo. Kwa hiyo tafsiri ya kuimbwa lazima iweke moja ya hizo mahali palepale. Kihungaria kinaweza, kina silabi nyingi zinazofungwa na "r", "l" na "n". Katika jedwali la kulinganisha rekodi, weka alama ya pekee kila anapovuta, mfano "rrr", pamoja na urefu kwa sekunde. Praat, programu ya kuchanganua sauti za usemi, hupima hilo vizuri. Utagundua hakuvuta mahali pamoja katika kila tamasha.

Kwa Kiswahili tuna shida, silabi zetu karibu zote zinaishia irabu. Mwenye jibu alete.

---

Mdadisi_wa_Tanga (#13)

Nimeona ana wimbo kuhusu Afrika, wa twiga. Huo si ndio tungeanza nao sisi?

---

Nyuzi_Saba (#14)

Wa 1968, kuhusu twiga anayempenda paa jike wa kabila jingine, ukoo mzima unalalamika, na kasuku anapiga kelele kwamba twiga ni mrefu, yeye ndiye anayeona vizuri. Maneno ya kasuku yamekuwa msemo wa kila siku katika Kirusi. Lakini usiitafute Afrika humo, mkuu. Ni katuni, mbuga ya kuchora. Kinachochekwa ni watu wanaomwachia mkubwa aamue kwa sababu tu ni mkubwa. Mwishoni lawama haimwangukii twiga, inamwangukia aliyepiga kelele kutoka matawini.

Mhungaria ana taabu yake hapo: katika Kirusi jina la twiga ni la kiume na la paa ni la kike, kwa hiyo mapenzi yameshaeleweka kwenye sarufi. Kihungaria hakina jinsia hiyo, sawa na sisi, na mfasiri lazima aongeze neno la kuonyesha nani ni bibi harusi, huku mizani ikiwa imeshajaa.



---

KatalogiKongwe (#15)

Hoja ya kasuku inatupeleka kwenye kosa kubwa la wachambuzi wapya: kumdhania msemaji wa wimbo kuwa ndiye Vysotsky.

Nyimbo zake za kwanza, kuanzia "Tatuirovka" ya 1961, ni za wahalifu na wafungwa. Hakuwahi kutumikia kifungo gerezani. Nyimbo zake za vita ziliwafanya maveterani wamwandikie kumuuliza alipigana kikosi gani. Vita vilipoingia nchini mwao alikuwa na miaka mitatu. Alichokuwa nacho ni baba mwanajeshi, ambaye aliishi naye Eberswalde, Ujerumani, kati ya 1947 na 1949. Kuna wimbo wa 1968 ambao msemaji wake ni ndege ya kivita ya Yak inayomlalamikia rubani wake. Hapo angalau hakuna anayekosea kuuliza alikuwa injini ya aina gani.

Kwa kila wimbo jaza vipengele hivi kabla ya kuandika neno la uchambuzi: nani anasema, anamwambia nani, yuko wapi, anatumia Kirusi cha tabaka gani, na je, mwishoni anajua kitu ambacho mwanzoni hakukijua. Kipengele cha nne ndicho Wahungaria wanakifanyia kazi zaidi, kwa sababu lugha ya mtaani ya Moscow haifundishwi katika Kirusi cha shuleni. Mtu aliyepata alama za juu kabisa katika mtihani wa Kirusi hawezi kuelewa nusu ya nyimbo za mwanzo bila kamusi ya lugha ya magereza.

---

Bin_Mvita (#16)

Na kumbukumbu za watu wake wa karibu? Kitabu cha Marina Vlady cha 1987 kina mengi kuhusu safari zao.

---

KatalogiKongwe (#17)

Kisome, ni kitabu kizuri. Lakini kumbukumbu ni ushahidi wa namna mtu anavyokumbuka, si shajara. Tarehe yoyote kutoka kwenye kumbukumbu, iwe ya mke, rafiki au mwigizaji mwenzake, isiingie kwenye tasnifu mpaka uipatie karatasi: ratiba ya ukumbi, tangazo la gazeti, muhuri wa pasipoti, maneno ya mwimbaji mwenyewe kwenye kanda. Kwa ziara ya Hungaria ratiba za ukumbi na magazeti ya siku ile zinatosha kukupa mfuatano wa siku. Kwa filamu ya Mészáros kuna kumbukumbu za utengenezaji. Vikigongana na kitabu cha mtu, unaandika vyote viwili na unasema unafuata kipi na kwa nini.

---

Mdadisi_wa_Tanga (#18)

Swali la mwisho wakuu. Nikitaka kunukuu rekodi kwenye makala yangu naandikaje? Na nikitafsiri nyimbo tatu nne kwa Kiswahili nikazichapa, kuna wa kunidai?

---

Nyuzi_Saba (#19)

Kunukuu: mstari wa kwanza wa wimbo, mahali, tarehe (ukiwa na mwezi tu andika mwezi tu), aina ya rekodi, yaani tamasha, nyumbani au studio, nakala ilikotoka, na dakika na sekunde ambapo maneno hayo yanasikika. Ukirekebisha kasi, sema kwa asilimia ngapi na umetumia kipimo gani. Usiandike "YouTube" ukaishia hapo. Video ikifutwa, ushahidi wako umekwenda nayo, na aliyeipandisha mara nyingi ndiye aliyebadilisha kasi.

Kudaiwa: ndiyo, wapo. Alifariki 1980, na Urusi pamoja na Hungaria haki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo ni mpaka mwisho wa 2050. Mistari michache ndani ya uchambuzi, pamoja na kutaja chanzo, hiyo ni nukuu na inaruhusiwa. Tafsiri kamili ya wimbo iliyochapwa inahitaji idhini ya warithi. Andika barua kabla ya kuanza kutafsiri, taja nyimbo kwa mistari yake ya kwanza, idadi ya nakala na kama zitauzwa.

---

FundiReli (#20)

Na kama idhini unaiomba kwa ajili ya kuimba pia, si kuchapa tu, itaje kwenye barua hiyohiyo. Ni haki mbili tofauti, watu huomba moja wakakwama siku ya tamasha.

Mdadisi, ile rekodi ya "kijana" na ya "mzee" niwekee viungo vyote viwili hapa. Nitapima mvumo nikuambie.